Pesa Zanzibar ipo, tatizo inalala

Mwezi wa sita ukikaribia, Baraza la Wawakilishi pale Chukwani likianza tu kusoma bajeti, sie wafanyabiashara wa Zanzibar wote tunaimba wimbo mmoja, kodi. Kodi zimezidi, kodi zimerundikana, huyu TRA wa Muungano anataka ushuru wa forodha na kodi ya mapato, huyu ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, anataka VAT na levi zake, manispaa nao wana leseni yao na takataka zao, na mie nimo humohumo, maana biashara ya jumla nimeikalia miaka mingi na vikao vya wafanyabiashara na serikali nimevikaa mpaka chai inapoa. Sibishi kwamba zipo nyingi. Ila kuna jambo halinikai sawa: VAT ya kwetu ni asilimia 15, Bara ni 18, ushuru wa forodha ni uleule wa Afrika Mashariki, sasa kama kodi ndo mchawi, mbona mtu wa Mwanakwerekwe akimpigia mwenzake wa Kariakoo kuuliza bei ya mzigo uleule, uliotoka China kiwanda kilekile, anakata simu roho imemsononeka?

Jawabu langu ni kwamba sie tunaumizwa zaidi na siku kuliko asilimia. Mtaji wetu unalala. Unalala baharini, unalala bandarini, ukitoka hapo unakwenda kulala kwa mteja, na kila usiku unaolala kuna mtu anaulipia.

Tuchukue hesabu ya kitoto kabisa. Una mtaji wa milioni 100 na kila ukiuzungusha mara moja unapata faida ya asilimia 5. Ukiuzungusha mara 6 kwa mwaka umepata milioni 30, umelipa pango, umelipa vijana, umelipa skuli ya watoto, umebaki na chako. Sasa mzigo uleule ukachelewa kushuka, ukachelewa kutoka, na ulipofika stoo ukautoa mali kauli kwa mtu anayelipa anapojisikia, mtaji ukazunguka mara 3 tu, hapo una milioni 15. Pango halikupungua nusu, vijana hawali nusu. Utafanyaje? Utaweka asilimia 10 badala ya 5, na hiyo 5 uliyoiongeza anaitoa bibi wa Jang'ombe kwenye kilo ya mchele, hakuna ZRA aliyemtoza, hakuna risiti ya VFMS, ule mfumo wa risiti wa ZRA, itakayoionesha, lakini kalipa. Na mbaya zaidi serikali haikupata hata senti kwenye hiyo nyongeza mpaka uitoe VAT yake, yaani mlaji kaumia na hakuna barabara iliyojengwa kwa maumivu yake.

Wazee wetu hawakuwa na tabu hii, na hapa ndo wengi wanachanganya mambo, wanasema zamani biashara ilikuwa na baraka. Baraka ilikuwepo, lakini na ushuru ulikuwepo. Milango ya biashara ilipofunguliwa Zanzibar mwaka 1984, wakati wa mzee Ali Hassan Mwinyi, Bara walikuwa bado wamekaza, na hata walipolegeza, ushuru wa huku ulikuwa wa chini kuliko wa kule. Watu walikuwa wanapanda meli Dar wanakuja Darajani kununua redio, vitenge, televisheni, mipira ya gari, wanarudi na mabegi. Faida ya mfanyabiashara wa Unguja ilikuwa kwenye ile tofauti ya ushuru, na tofauti ikiwa kubwa hivyo hata mzigo ukikaa stoo miezi miwili hujali, utauza tu na utapata. Halafu TRA ikaanza kazi Julai 1996, vikaja vipimo vya pamoja vya kukadiria thamani ya mzigo, na Januari 2005 ukaja umoja wa forodha wa Afrika Mashariki na viwango vyake vya 0, 10 na 25, basi ile tofauti ikafa. Ndoto ya bandari huru aliyokuwa akiizungumza Rais Salmin Amour, Komandoo, miaka ya tisini ikabakia kwenye hotuba na mabango ya maeneo huru ya Fumba na Micheweni.

Kwa hiyo tumebakiwa na nini cha kumshinda mtu wa Dar? Soko letu dogo, sensa ya 2022 imetuhesabu watu 1,889,773, Dar peke yake inatuzidi mara mbili na bado. Viwanda hatuna vya kutaja. Kilichobaki kwa kisiwa kidogo ni wepesi tu, meli iingie leo mzigo uwe dukani kabla ya wiki, pesa irudi kazini. Visiwa vilivyofanikiwa duniani vimefanikiwa kwa hilo. Sie tumepoteza ile faida ya ushuru mdogo halafu tumebaki na mwendo wa polepole wa zama za ushuru mdogo, vyote viwili kwa pamoja, na huo ni msiba.

Tuje bandarini Malindi. Ile gati imejengwa enzi za Waingereza, miaka ya 1920, wakati mzigo ni magunia ya karafuu na mbata. Nyuma yake kuna Mji Mkongwe ambao tangu mwaka 2000 umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO, huwezi kubomoa nyumba za watu ukapanga makontena. Mbele bahari, ubavuni boti za abiria na majahazi. Mwaka 2012 tulikuwa watu milioni 1.3, miaka kumi baadae tumekaribia milioni 1.9, ongeza wageni, ongeza hoteli zinazojengwa kila pwani kwa saruji na nondo zinazovuka bahari, ongeza mafriji na viyoyozi vyao, vyote vinapita mlango uleule. Tangu Septemba 2023 shughuli za makontena pale zimekabidhiwa kampuni ya Africa Global Logistics, mashine mpya zimekuja na mtu wa haki hawezi kusema hakuna kilichobadilika. Lakini mashine haiongezi urefu wa gati. Meli moja kubwa ikifunga, nyengine inasubiri nje, unaiona kwa macho ukiwa Forodhani unakula urojo, kontena lako liko pale, unaliona, na hulipati.

Na kukaa nje kwa meli si bure. Wenye meli wanatia hizo siku kwenye nauli ya kontena la safari inayofuata, hawana udugu na mtu. Ndo maana kontena la kutoka Jebel Ali, bandari ya Dubai, kuja Unguja linaweza kukupa bei ya ajabu ukilinganisha na la kwenda Mombasa wakati bahari ni hiihii moja.

Lakini tusimtie serikali makosa yote na sie tukajivika kanzu nyeupe. Wapo wenzetu, na tunawajua, wanaoifanya bandari kuwa stoo. Anaagiza kontena tano akiwa na pesa ya ushuru ya mbili, zile tatu anaziacha zikae akitafuta pesa, akisubiri bei ipande, na kwa kukaa kwake anamzibia mwenye mzigo wa dawa na mwenye mzigo wa maziwa ya watoto. Halafu kwenye kikao anasimama wa kwanza kulalamika msongamano.

Kuna hili jengine la kuvusha mzigo kwenda Bara, ambalo limo kwenye kero za Muungano tangu wengine hawajaoa. Unaingiza bidhaa Unguja, unalipa forodha, unapewa karatasi zako, ukiipeleka Dar unaambiwa subiri ikadiriwe upya, na mara nyingi unalipa tofauti. Maelezo yao yana mantiki yake, kwamba thamani iliyotumika Zanzibar ilikuwa ya chini kuliko wanayoitumia wao, na kweli kuna waliokuwa wakitumia kisiwa kama kichochoro. Sawa. Ila aliyekadiria Malindi ni TRA na anayekadiria upya Dar ni TRA, mamlaka moja, mabosi walewale. Mie ile tofauti ya pesa naweza kuitia kwenye hesabu zangu, siwezi kuzitia zile siku, kwa sababu hakuna anayeniambia ni ngapi. Leo mbili, kesho tisa. Mteja wa Kariakoo hangoji tisa, kashanunua kwa mwengine.

Sasa tizama mchele, maana ndo siasa yetu ya kweli hapa visiwani, sio hizo za majukwaani. Mchele tunaokula mwingi unatoka nje, mapembe, basmati, wa Pakistani, wa Thailand, wa India. Julai 2023 India ikapiga marufuku kusafirisha mchele mweupe wa kawaida, wakaja kuondoa Septemba 2024, na katikati ya hapo, Novemba 2023, yakaanza mashambulizi ya meli Bahari ya Shamu. Watu walikuwa wakiniuliza, mchele wa Karachi haupiti Bahari ya Shamu, mbona nauli imepanda? Imepanda kwa sababu meli zilizokuwa zikipita Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari zikarefuka, meli na makontena matupu yakawa adimu dunia nzima, na kontena adimu linakwenda kwa mwenye bandari ya haraka kwanza. Sie wa Malindi tunakuja mwisho wa foleni. Yaani hata vita vya watu vinatuumiza zaidi kwa sababu tuko polepole. Mwezi wa Ramadhani ukifika mfanyabiashara anaambiwa ana roho mbaya, na wenye roho mbaya wapo, Mungu atawauliza, lakini aliyeagiza mapema ili awahi Ramadhani kalaza mtaji wake miezi kadhaa ili futari iwepo, na aliyechelewa mzigo wake unaingia Mfungo Mosi, watu washakula Idi.

Haya, hoteli. Hapa ndo pananiuma khasa.

Mwaka 2023 tumepokea wageni 638,498, mwaka 2024 wamefika 736,755. Takwimu nzuri, tunapiga makofi, na mie napiga. Kila mtu anauliza mbona mkulima na mvuvi wetu hawaoni hizo pesa, na jawabu linalotolewa kwenye kila semina ni lilelile, ubora, ubora, wakulima wetu hawana ubora, wapewe mafunzo. Wallahi nimeshachoka na mafunzo. Tungule ya Bambi ina ubaya gani? Samaki aliye bora kuliko wa Kizimkazi anavuliwa wapi? Tatizo ni kwamba hoteli nyingi kubwa hazilipi pesa mkononi. Unapeleka mzigo leo, unaacha invoisi, unalipwa baada ya siku 60, 90, na wengine baada ya hapo wanaanza kukuambia mhasibu yuko likizo. Mvuvi anauza dikoni, pale pale anaposhusha samaki, kwa mnada, dalali akigonga bei pesa inatoka hapohapo, maana kesho anataka mafuta ya mashine na barafu. Mkulima wa tungule ana vibarua wa kuwalipa Ijumaa. Hawa hawawezi kumkopesha mzungu miezi mitatu! Anayeweza ni sapulaya mkubwa mwenye mtaji mnene, na huyo mara nyingi analeta mzigo wake kwa boti au jahazi kutoka Bara, mbatata, vitunguu, mayai, mpaka ndimu, kwa sababu yeye anaweza kungoja. Kwa hiyo soko la hoteli limejichuja lenyewe, aliyepita ni mwenye uwezo wa kulala na njaa siku 90, ubora haukuulizwa.

Na hapa nina kijembe kidogo kwa serikali yangu, wanisamehe. Tangu Oktoba mosi 2024 kila mgeni mtu mzima wa kutoka nje analipa bima ya dola 44 ya Shirika la Bima la Zanzibar kabla hajakanyaga ardhi. Kabla! Kwa nini? Kwa sababu serikali inajua kwamba pesa ya mbele ni tamu kuliko ya nyuma. Basi utamu huo mvuvi wa Mkokotoni naye anao ulimi wa kuujua.

Wenye hoteli wana utetezi wao, sitauficha. Wanasema na wao wanalipwa nyuma na makampuni ya utalii ya Ulaya, mgeni anamaliza likizo, anarudi kwao, ndo invoisi inaanza kutembea. Kwa baadhi yao ni kweli. Lakini mgeni yule kalipa kwa kampuni yake kabla hajapanda ndege, pesa ipo inakaa kwenye benki ya mtu huko Ulaya inamzalishia, na anayeubeba ule mkopo mwisho wa mnyororo ni muuza pweza wa Jambiani asiye na hata kitabu cha benki. Nadhani hakuna nchi inayokopesha matajiri kwa utaratibu mzuri kama sie.

Halafu ingiza dola kwenye hiyo habari. Mwanzo wa 2023 dola ilikuwa shilingi 2,300 na ushei, mwaka 2024 ikapita 2,700. Mfanyabiashara aliyetoa mzigo mali kauli kwa shilingi, akaja kulipwa baada ya miezi mitatu minne, akienda kununua dola za kumlipa mtu wa Dubai anakuta faida yote imeliwa na kiwango, na wengine wakala mpaka mtaji. Machi 2025 zikaja kanuni za kukataza bei kutajwa kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, na naziunga mkono, shilingi ni yetu tuiheshimu, ila zimekufunika upande mmoja tu. Mzigo wa nje utaulipia kwa dola ukitaka usitake, na anayekudai hajui kanuni zako.

Serikali nayo ni mteja, tena mkubwa. Bajeti ya Zanzibar imetoka trilioni 2.8 mwaka 2023/24, ikaruka kufika trilioni 5.18 mwaka 2024/25, na 2025/26 inakaribia 7. Barabara zinajengwa, masoko ya Jumbi na Mwanakwerekwe yamesimama, skuli za ghorofa, mahospitali ya wilaya, hivyo vinaonekana na asiyeviona ana lake. Lakini mkandarasi akicheleweshewa malipo yake, yeye hafi, anachofanya ni kutomlipa mwenye duka la vifaa, mwenye duka hamlipi wa jumla, wa jumla hamlipi wa Dubai, na fundi aliyepiga plasta anakula kwa mangi kwa daftari. Ucheleweshaji wa ofisi moja unashuka mpaka kwenye daftari la duka la mtaani. Ukubwa wa bajeti ukiongezeka bila kasi ya malipo kuongezeka, na deni la chini kwa chini linaongezeka, na hili halimo kwenye kitabu chochote cha deni la taifa.

Utasema si uende benki. Benki zipo, PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar, ipo tangu 1966, na siku hizi kadhaa zimefungua dirisha la kiislamu kwa anayeogopa riba, na wengi wetu tunaogopa kweli. Murabaha, benki inakununulia mzigo kisha inakuuzia kwa faida inayojulikana, ni kitu kizuri. Tatizo ni dhamana, ardhi huku ni ya serikali, wewe una haki ya kuitumia tu, na nyumba nyingi za urithi karatasi zake ziko kwa jina la babu aliyekufa na warithi wapo Muscat, London na Chukwani. Mpaka mkubaliane msimu ushapita.

Sasa nataka nimtaje anayefanya vizuri, na ni chombo cha serikali, ili isiwe nalaumu tu. Karafuu. Miaka mingi karafuu ya Pemba ilikuwa inavushwa usiku kwenda Mombasa, tukaunda mpaka kikosi cha kuzuia magendo, KMKM, na boti zake, na karafuu ikavuka vilevile. Kilichoipunguza nguvu biashara ile si bunduki. Wakati wa Dk. Shein bei ikapandishwa, kilo ya daraja la kwanza ikafika shilingi 14,000, na mkulima akifika kituo cha ZSTC, shirika la biashara la serikali linalonunua karafuu, anapimiwa anaondoka na pesa yake. Mtu wa Konde mwenye gunia moja anajua leo kapima, leo kalipwa, kesho anakwenda Chake kununua bati. Ukitaka kuona pesa inavyotembea nenda Wete msimu wa karafuu, maduka yanavyochangamka, mpaka harusi zinapangwa kwa msimu. Nina ugomvi wangu na ZSTC kuhusu kuwa mnunuzi wa peke yake, huo ni mjadala wa siku nyengine, lakini kwenye kulipa kwa wakati wametufundisha somo ambalo mahoteli ya nyota tano hayajalifikia.

Kwa hiyo kama ningeulizwa nini kiingie kwenye sheria ya fedha ijayo, nisingeanza na kupunguza asilimia, na najua wenzangu watanishangaa. Ningesema hoteli yoyote inayopata msamaha wa uwekezaji kutoka ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, iwe na sharti la kumlipa sapulaya mdogo wa hapa ndani ya siku 14, asipolipa msamaha unakatwa, na serikali ijibane na sharti hilohilo kwa wakandarasi wake, hata ikiwa siku 45, muhimu ziwe zinajulikana. TRA watoe siku ya mwisho ya ukadiriaji Dar kwa mzigo wa kutoka Zanzibar, ikipita mzigo uachiwe, tofauti idaiwe baadae kwa mwenye TIN, hakimbii mtu. Na wale wanaofanya bandari stoo wapandishiwe tozo kila wiki mpaka wakome.

Mizigo ya Pemba nayo iende Mkoani na Wete moja kwa moja kadiri inavyowezekana, maana mtu wa Pemba leo analipia usubirifu wa Malindi halafu analipia na boti ya kumvushia, bei ya saruji Micheweni ukiisikia utadhani inaletwa kwa ndege.

Bandari jumuishi ya Mangapwani tumeahidiwa, na naiombea ije. Itakuja na michoro mizuri na mgeni rasmi na ngoma. Suali langu kwa waziri siku hiyo halitakuwa gati ina mita ngapi, nitamuuliza kontena linatoka siku ya ngapi, na lisipotoka siku hiyo kwa kosa lisilo langu, demareji, ile tozo ya kuchelewa kwa kontena, analipa nani.